Chanja Tatu za Makopa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho ya Mpapura, mama yake Mwanahamisi alimtuma mambo matatu: afagie uwanja, alete maji kisimani, kisha aoge aende shule. Mambo matatu tu. Watoto wa miaka saba pale kijijini waliyamaliza hayo huku wakiimba.

Mwanahamisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2003, alianza kufagia vizuri kabisa kuanzia mlangoni. Alipofika katikati ya uwanja akaona siafu wamebadili njia. Jana walipita upande wa jiko, leo wanapita upande wa choo. Akalaza ufagio ili awafuate aone wanakokwenda. Nyuma ya choo akaikuta ndoo, akakumbuka maji, akashika njia ya kisimani. Njiani kulikuwa na fundi anaezeka nyumba kwa bati, akasimama kumtazama. Aliporudi, ndoo ilikuwa na maji nusu, uwanja umefagiwa nusu, na wenzake walishafika shule zamani.

"Mwanahamisi," mama yake alisema, na wala hasira hakuwa nayo tena, "nikufanyeje mwanangu?"

Halikuwa swali la kujibiwa. Mwanahamisi mwenyewe alijiuliza hivyo hivyo kila siku. Alitamani sana kuwa mtoto anayemaliza kitu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangu ada ifutwe, madarasa yalikuwa yamejaa pomoni. Darasa la nne lilikuwa na wanafunzi tisini na wawili, watano kwa dawati moja, na mwalimu mmoja tu, Mwalimu Theresia, aliyehamishwa kutoka Mtwara mjini. Mwanahamisi alikuwa analirudia darasa hilo. Mwaka uliopita alifeli mtihani wa taifa wa darasa la nne, na mtihani mwingine ungefanyika baada ya wiki tatu.

Si kwamba hakujitahidi. Mwalimu akiandika hesabu kumi ubaoni, Mwanahamisi alinakili ya kwanza, akanakili ya pili. Kisha akasikia mlango wa ofisi ukilia, akajua mwalimu mkuu ametoka. Akaona kola ya aliyekaa mbele yake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akaanza kuwaza uzi ule umetoka wapi. Akirudisha macho ubaoni, hesabu zimefutwa na somo jingine limeanza. Daftari lake lilikuwa limejaa mianzo isiyo na miisho.

Wenzake walimwita Redio, maana alijua habari zote isipokuwa ile aliyofundishwa. Siku za kufeli majaribio walimwita Redio Isiyo na Betri, na darasa zima lilicheka. Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu ukicheka na wenzako watu hawaoni kwamba umeumia.

Dawa zote zilishajaribiwa. Mwalimu Theresia alimchapa. Mama alimfunga uzi kwenye kidole ili umkumbushe alichotumwa. Kidole kikawa na uzi, lakini kwa nini kimefungwa hakukumbuka. Bibi yake, Bibi Somoe, alisema mtoto huyu ana kitu, akampeleka kwa mganga, akavishwa hirizi shingoni ili utulivu umwingie. Hirizi aliipoteza siku ya nne.

Baba yake, Athumani, alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Dada yake, Shangazi Asha, aliyekaa Chuno huko mjini, alikuwa amejifungua, na alihitaji msichana wa kumlelea mtoto. Baba alitoa kauli wakati wa chakula cha jioni, na aliitoa mara moja tu.

"Akifeli tena, ataacha shule aende kwa Asha. Siwezi kuendelea kupeleka mtoto mahali anapokwenda kupigwa tu."

Mwanahamisi hakula tena. Alipenda shule, ingawa hakuna ambaye angelijua hilo kwa kutazama madaftari yake. Alipenda ramani, alipenda hadithi, alipenda hata ile harufu ya chaki. Alitaka kumwambia baba yake hayo yote, lakini alijua ataulizwa: kama unaipenda, mbona husikii?

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekatika mapema na mahindi hayakutoa kitu. Nyumba nyingi za Mpapura ziliishi kwa mihogo, tena ile michungu. Mihogo michungu huvumilia ukame na nguruwe hawaitaki, ndiyo maana watu huipanda. Ila ina sumu. Lazima imenywe, inyaushwe juani, ilowekwe kwa siku kadhaa, kisha ianikwe tena mpaka ikauke kabisa. Hapo ndipo yanapatikana makopa ya kutwanga unga wa ugali. Ni kazi ya siku nyingi na haina njia ya mkato. Miaka michache nyuma, mwaka wa njaa, binamu yake Mwanahamisi aliyeishi upande wa Ruvuma alilishwa makopa ambayo hayajaiva. Alilala mzima, akaamka miguu haina nguvu. Mpaka sasa alikuwa anatembea kwa fimbo mbili.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na chanja tatu za miti za kuanikia. Kwenye uchanja wa kwanza yalikuwepo makopa yaliyopitia hatua zote, tayari kwa kinu. Kwenye uchanja wa pili ilikuwepo mihogo iliyokwisha kulowekwa lakini haijapata jua la kutosha. Uchanja wa tatu ulikuwa na mihogo iliyomenywa juzi tu, haijaguswa na maji. Jua la siku mbili lilikuwa limeikausha kwa nje, hivi kwamba kwa macho usingeitofautisha na mingine.

Jumamosi watu wote walikwenda shambani kuokota korosho. Mama alimkalisha Mwanahamisi kwenye kigoda mbele ya chanja.

"Leo nakupa kazi moja tu," alisema. "Fukuza mbuzi, tazama mawingu. Mvua ikija, ingiza ndani makopa ya kila uchanja kwenye kikapu chake. Usiyachanganye. Umenisikia?"

Alisikia. Alirudia maneno yote, na kwa saa nzima alikaa akafukuza mbuzi. Kisha nyigu mweusi akapita chini ya miguu yake akiburuta buibui mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Mwanahamisi akainuka hatua moja amtazame. Halafu hatua nyingine. Nyigu akaingia kwenye majani, akatokea upande wa pili, akashuka bondeni, na mtoto nyuma yake.

Mvua ya mwezi wa kumi haipigi hodi. Lilipodondoka tone la kwanza shingoni mwake, Mwanahamisi alikuwa mbali, karibu na bonde la mpunga. Alikimbia mpaka akahisi kifua kinapasuka, huku akijiambia: kikapu chake, kikapu chake, kila uchanja kikapu chake.

Alichelewa. Mama Telma, jirani yao mwenye asili ya Msumbiji, aliona makopa yananyeshewa na mwenyewe hayupo. Akaita wanawe, wakazoa kila kilichokuwa juu ya chanja kwa mikono, kwa mabeseni na kwa kanga, wakamimina vyote kwenye sakafu ya chumba kimoja. Alikuwa anahema, ametota mwili mzima, na anatabasamu kwa kuwa ameokoa chakula cha jirani yake. Mwanahamisi alilitazama lile lundo moja jeupe, akakaa chini mlangoni.

Wazazi waliporudi hakuna aliyepiga kelele. Mama aliinama akaokota kopa moja, akaligeuza, akaokota jingine, akaligeuza. Kisha akayaacha yote yaanguke. Bibi Somoe aliguguna vipande kadhaa ili aonje uchungu, lakini lundo lilikuwa na mamia ya vipande, na ulimi wake ulikuwa umezeeka. Kuyaloweka yote upya haikuwezekana, maana pipa la unga lilikuwa tupu na chakula cha siku zinazofuata kilikuwa humo humo ndani ya lundo. Kuyatupa ni njaa. Kuyala ni kucheza bahati nasibu na miguu ya watoto. Watu wazima watatu walisimama kulizunguka lile lundo, na hakuna aliyejua la kufanya.

Mama Telma alipoelezwa alishika mdomo akaanza kulia. Mama akamwambia hana kosa. Kila mtu alijua mwenye kosa ni nani.

Baba hakushika fimbo. Alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayetazama shamba lililoungua.

"Jumapili ijayo nakupeleka Chuno," alisema taratibu. "Mtihani usihangaike nao."

Mwanahamisi angefurahi kama angechapwa. Fimbo ina mwisho wake. Alitaka kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshaomba mara nyingi mno kwa mambo mengine, na neno lenyewe lilikuwa limechakaa.

Asubuhi ya Jumapili wote waliamka bila kifungua kinywa. Baba alikwenda kwa mwalimu kumuaga kwa niaba ya binti yake. Mama alitoka kutafuta unga wa kuazima. Aliporudi, mikono mitupu, alimkuta Mwanahamisi amepiga magoti mbele ya lundo, ameanza kuweka vipande pembeni.

"Acha, mwanangu. Usizidishe."

"Hili ni la uchanja wa kwanza," Mwanahamisi alisema bila kugeuka. "Na hili. Hili ni la tatu."

Mama alimuuliza amejuaje, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu. Mtoto akamwonyesha. Ya uchanja wa kwanza yalimenywa na Bibi, na kisu cha Bibi kina pengo, kwa hiyo kila kopa lina mstari mwembamba ulioinuka ubavuni. Ya uchanja wa pili aliyamenya Mama, ambaye hupasua kila muhogo katikati kwa panga kabla ya kuuloweka. Ya uchanja wa tatu yalimenywa na Telma, binti wa jirani, siku aliyokuja kusaidia. Telma anatumia mkono wa kushoto, na alama za kisu chake zinapinda upande wa pili.

"Uliyaona lini yote hayo?"

"Siku zile mlipokuwa mnamenya. Nilikuwa nawatazama."

"Siku zile nilikuwa nikikutuma kuni."

"Kuni nilisahau," Mwanahamisi alijibu, na akainamisha kichwa.

Mama alimwita Bibi Somoe na kisu chake. Bibi akachukua makopa matano ya fungu la kwanza, akapitisha kisu kwenye mstari wa kila moja. Pengo liliingia kwenye mstari mara tano zote. Bibi alikaa kwenye mkeka, akaanza kupokea vipande alivyopewa.

Mwanahamisi alichambua. Jua lilipanda, adhana ya adhuhuri ikapita, mbuzi wakaingia uwanjani wakatoka. Kichwa hakikuinuka. Nadhani hakujua hata kama ana njaa. Yule mtoto ambaye hakuweza kumaliza hesabu ya tatu alikuwa anamaliza mamia ya vipande, kimoja kimoja, na mikono yake haikusita. Palikuwa na fungu la kwanza, la pili, la tatu, na fungu la nne lililokuwa linakua polepole.

Mchana Baba alirudi, na nyuma yake alikuja Mwalimu Theresia. Baba alikuwa amemweleza mwalimu kwamba mtoto anaondoka, na mwalimu alikuja akiwa na daftari la mtoto huyo mkononi, pengine ili amsihi, pengine ili aage tu. Walimkuta Mwanahamisi kwenye lundo. Hakuwaamkia. Baba alitaka kumkemea kwa kukosa adabu mbele ya mwalimu wake, lakini Mwalimu Theresia aliinua mkono kumzuia, akasimama mlangoni akitazama. Alitazama kwa muda mrefu. Mama alimnong'oneza habari yote.

Baba aliposikia, aliinama mbele ya fungu la nne. "Na haya ni ya wapi?"

"Hayo yamevunjika, hayana alama," Mwanahamisi alisema. "Hayo sijui, Baba."

Ni neno hilo la sijui ndilo lililomfanya Athumani aamini mafungu mengine. Waliamua fungu la kwanza litwangwe siku ile ile. La pili lingerudi juani. La tatu lingelowekwa, na lile la sijui liende pamoja nalo. Bibi alitwanga, na jioni nyumba ile ilikula ugali.

Lakini kabla ya ugali yalikuwepo mazungumzo. Mwalimu Theresia aliketi kwenye kigoda, daftari magotini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kushinda hoja.

"Baba Mwanahamisi, mimi nimemchapa huyu mtoto," alisema. "Nimemchapa si kwa kuwa nilijua fimbo itamsaidia. Nilimchapa kwa kuwa sikujua la kufanya, na fimbo ilikuwa karibu."

Kisha alieleza kwamba zamani aliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili. Waliambiwa kuhusu watoto ambao umakini wao hautulii mahali pamoja. Si wajinga, si wakaidi, wala hawana mashetani, ndivyo walivyoumbwa. Kila kinachopita kinawaita, na hawana mlango wa kukifungia nje. Ila wakishikwa na jambo, wanalishika kwelikweli, na wanayaona mengi ambayo wengine tunayapita. Aliandika maelezo yote, akafunga daftari, akarudi kwenye darasa la watoto tisini na wawili, akasahau. "Tunamwita msahaulifu yeye," alisema.

Baba alikuna kidevu. "Ninakusikia, Mwalimu. Lakini huo mtihani una makopa?"

Bibi Somoe alicheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akasema hapana, hauna, na hawezi kuahidi kwamba mtoto atafaulu. Alichoomba ni wiki tatu. Angemkalisha mbele. Angempa hesabu tatu badala ya kumi, akizimaliza ampe nyingine tatu. Angemruhusu ainuke kufuta ubao na kugawa madaftari, ili mwili upate pa kwenda kabla akili haijaondoka. Na nyumbani aliomba wamtume jambo moja. Akirudi, ndipo wamtume la pili.

Ugali ulipoiva, Baba alinawa mikono. "Wiki tatu," alisema.

Nisiwadanganye, wiki hizo tatu hazikuwa za miujiza. Siku ya kwanza Mwanahamisi alisahau kalamu, siku ya pili akasahau daftari. Kuna siku alilia nyuma ya darasa, kwa kuwa hata hesabu tatu zilimshinda na sasa hakuwa na fimbo ya kuilaumu. Mwalimu Theresia akakata kipande cha boksi, akamfundisha kufunika maswali yote na kuacha wazi lile moja tu analolifanya. Siku ya mtihani alifanya hivyo hivyo. Mara mbili akili yake ilitoka dirishani. Mara mbili ilirudi ikakuta swali moja tu linaisubiri. Hakufika mwisho wa karatasi, ila alifika mbali kuliko alivyowahi kufika.

Matokeo yalipobandikwa mwezi wa kwanza, jina lake lilikuwa chini kabisa ya orodha ya waliofaulu. Lakini lilikuwemo. Atakwenda darasa la tano. Baba alimtumia Shangazi Asha ujumbe kwamba atafute msichana mwingine.

Siku hiyo Mwalimu Theresia alipita nyumbani kuwapongeza. Mama alimkaribisha chai. Baba alikuwa pembeni akitengeneza mpini wa jembe. Watu wote walikuwa na furaha, isipokuwa Mwanahamisi, ambaye alikuwa na jambo limemkaa moyoni tangu mwezi wa kumi. Alisogea karibu na mwalimu.

"Mwalimu, kama nisingeyatambua yale makopa, sasa hivi ningekuwa Chuno?"

Mama alishika birika bila kumimina. Mwalimu Theresia angeweza kusema usiwaze hayo, mambo yamekwisha. Hakusema hivyo.

"Ndiyo," alijibu. "Ungekuwa Chuno. Na kosa lingekuwa letu, si lako. Mtoto hapaswi kwanza kuokoa chakula cha nyumba nzima ndipo sisi wakubwa tumfundishe kwa namna anayoielewa. Hiyo ni haki yako hata ungekuwa hujui kopa ni nini. Hilo usilisahau, Mwanahamisi. Mengine yote ukisahau, tutakukumbusha."

Baba aliweka mpini chini. Alimwita binti yake, akamkalisha kando yake kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Mwanahamisi alimsikia. Neno lile lilimwingia lote, mwanzo mpaka mwisho, na hakutazama pengine popote.